Mume wa Bualai kwenye Meza ya Saengda

Jumapili hiyo, baada ya wimbo wa pili, Mchungaji Thawin aliuliza kama kuna mtu mwenye ombi. Saengda, muuza tambi, akasimama huku akijifuta mikono kwenye sketi kana kwamba bado yuko jikoni.

"Naomba tumwombee kaka Nan Inkham," akasema. "Ameanza kuuliza habari za Yesu. Wiki hii amekuja dukani kwangu karibu kila siku. Maswali mengine mimi hata siyawezi, lakini anauliza."

Kanisa zima likageuka. Halikumgeukia Saengda. Lilimgeukia Bualai aliyeketi kiti cha mbele na wazee wenzake wa kanisa, kwa sababu Nan Inkham alikuwa mume wake.

Bualai akatabasamu. Alitabasamu kwa nguvu hadi mashavu yakamuuma, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na habari zote tangu mwanzo. Hakuwa na habari hata moja. Mchungaji alipoanza kuomba na watu wakaitikia "amina" kwa furaha, yeye alikuwa ameinamisha kichwa akiangalia vidole vyake vya miguu.

Bualai aliamini tangu binti yake Wandi alipokuwa mtoto wa kunyonya. Sasa Wandi alikuwa na watoto wake mwenyewe huko Bangkok. Miaka yote hiyo hakuna njia ambayo Bualai hakuijaribu kwa mumewe. Alitundika kalenda za aya za Biblia mpaka chooni. Alimfungia vijikaratasi vya Injili pamoja na wali wa kunata wa kwenda nao bustanini, na jioni akavikuta vimerudi kwenye kikapu, vimekunjwa vizuri, havina hata doa la mafuta. Alimwekea redio ya mahubiri. Alimlilia. Aliwahi kumnunia kwa wiki nzima ya Pasaka. Nan Inkham alikuwa mpole na mkimya. Ujanani alikuwa mtawa wa Kibuddha hekaluni, na ndiyo maana watu walimwita Nan, kwa heshima ya vazi alilolivua. Bualai alipomaliza kusema, jibu lake lilikuwa moja tu: "Nimesikia."

Kila Jumapili alimpeleka mkewe kanisani kwa pikipiki, akavuka barabara, akaketi kwenye duka la tambi la Saengda akimsubiri. Msaidizi wa Saengda alibaki kuuza wakati mwenyewe yuko ibadani. Saengda akirudi alimkuta bado ameketi pale, na hivyo ndivyo walivyozoeana.

Na huyo Saengda ni nani? Hapo ndipo palipomchoma Bualai zaidi. Saengda alifika kijijini akitokea kwa mume aliyekuwa akimpiga, na alikuwa akinywa pombe ya mchele kuanzia asubuhi. Bualai ndiye aliyemfuata, akamwogesha, akamfundisha kila Alhamisi, akasimama naye mtoni siku ya ubatizo. Haikuwa imepita hata miaka miwili. Wageni wakija kanisani, Bualai alimshika Saengda bega na kusema, "Huyu ni mtoto wangu wa kiroho," kama mtu anayeonyesha boga la shambani kwake.

Baada ya ibada Saengda alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili. Meno yote yalikuwa nje.

"Dada! Umefurahi?"

"Nimefurahi sana."

"Nilitaka nikwambie jana, nikasema hapana, wacha asikie na kanisa zima, furaha yake iwe kubwa!"

Yupha, mwimbaji wa kwaya ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa karibu. "Kumbe mzee wako siku zote alikuwa anatafuta kanisa lenye mchuzi!" akasema, akapiga makofi kwa kuchekeshwa na maneno yake mwenyewe.

Wote wakacheka. Bualai naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Kwenye pikipiki hakumshika mumewe kiunoni. Alishika chuma cha nyuma.

"Unaongea nini na Saengda?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

"Ya kawaida."

"Habari za Yesu ni mambo ya kawaida?"

Nan Inkham alipunguza mwendo kuwapisha kuku waliokuwa barabarani. "Kwako ndiyo ya kawaida," akasema. "Unayasema kila siku."

Nyumbani Bualai aliandaa chakula upesi upesi, akaketi mbele ya mumewe, akaweka Biblia kando ya bakuli la pilipili.

"Haya. Uliza."

"Niulize nini?"

"Hayo unayomuuliza Saengda. Niulize mimi. Yeye hata kitabu cha Habakuki hajui kiko wapi. Mimi nimesoma kozi, nina cheti."

"Sina swali."

"Kwa Saengda una maswali kila siku!"

"Pale yanakuja yenyewe."

"Kwa hiyo mimi nayafukuza?"

Nan Inkham alifinyanga tonge la wali, akalitazama, akalirudisha kikapuni. "Mama Wandi," akasema taratibu, "kula, chakula kinapoa."

Alasiri Bualai alimpigia simu binti yake. Alimweleza yote, na kila alipofika kwenye jina la Saengda sauti ilimpanda.

"Lakini mama," Wandi akasema, "si ndicho ulichokuwa unaomba tangu nikiwa mdogo? Mpaka ukanifundisha na mimi nikiombe?"

"Ndicho."

"Sasa?"

"Wewe hujui."

"Mama, una wivu."

"Wivu wa nini? Yule mwanamke ana miguu kama ya bata!"

"Sikusema wivu wa namna hiyo."

Bualai akakata simu, akasingizia mtandao. Kwa kweli hata yeye hakujua ni wivu wa namna gani. Hakufikiri kwamba mumewe anamtamani Saengda. Angefikiri hivyo, angejua la kufanya. Wanawake wengi kijijini walikuwa wamelifanya kabla yake. Hili lilikuwa kitu kingine. Alikuwa amelima shamba lile peke yake kwa miaka, na sasa mtu aliyepita njia tu ndiye anayeingia na kikapu kuvuna.

Siku chache baadaye akaenda dukani bila kusema. Aliegesha baiskeli mbali kidogo, akaja kwa miguu. Alimwona mumewe kabla hajaonekana. Nan Inkham alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakatakata majani ya haradali ya kuchachushwa. Nyumbani hakuwahi kugusa kisu cha jikoni. Saengda alikuwa akikamua tambi juu ya sufuria la maji ya moto huku akisimulia kwa mikono na mabega, na Nan Inkham alikuwa anacheka. Hakuwa akitabasamu. Alikuwa anacheka hadi kisu kinatikisika. Bualai alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomchekesha mumewe hivyo, akakumbuka ilikuwa kabla ya Wandi kuzaliwa.

Alipoingia, kicheko kikakatika.

"Dada!" Saengda akaruka. "Karibu, karibu! Nilikuwa namsimulia kaka habari za Zakayo, yule mfupi aliyepanda mtini, yule mmoja wa mitume thenashara..."

"Zakayo hakuwa mmoja wa thenashara," Bualai akasema.

"Ee?"

"Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru. Luka kumi na tisa."

"Ah, mimi na kichwa changu! Asante dada. Kaka, umesikia? Nilikudanganya." Saengda akajipiga kofi kwenye paji la uso, akacheka.

Nan Inkham hakucheka. Aliweka kisu chini, akapanga majani yaliyobaki kwenye beseni, akainuka. "Miti ya longani inataka maji," akasema, akaondoka kwenda kwenye bustani yake ya matunda. Bualai akabaki amesimama katikati ya duka. Saengda alimletea bakuli la tambi na mchuzi mwekundu, na Bualai akala lote kwa hasira, tena lilikuwa tamu, na hilo pia likamkasirisha.

Kwenye kikundi cha maombi cha Jumatano walimwombea Nan Inkham kwa jina, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi. Ila safari hii waliomba kwa matumaini. Yupha alishukuru kwa "chombo kipya" ambacho Bwana amekiinua. Bualai alifumba macho, akafungua mdomo, na maneno hayakuja. Yaliyokuja yalikuja moyoni, peke yake, wazi kabisa: Mungu, asiamini kwa Saengda.

Akafumbua macho kwa mshtuko, akaangalia kama kuna aliyesikia.

Mtu angedhani kuwa baada ya kujisikia hivyo angetubu na mambo yaishe. Hakutubu. Alijiambia kuwa ana wasiwasi tu. Wasiwasi huo alivyozidi kuufikiria ndivyo ulivyozidi kupata sababu nzuri nzuri, na kabla ya mwisho wa wiki aliubeba hadi kwa mchungaji.

"Mchungaji, mimi sisemi jambo baya lolote," alianza. "Saengda ni mtoto wangu. Lakini anaishi peke yake. Mume wa mtu anashinda pale. Watu wa hekaluni watasema nini? Watasema Wakristo wanawavuta watu kwa wanawake."

Mchungaji Thawin alikuwa kijana, ametoka chuoni juzi, na Bualai ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyomchagua. Akakuna shingo. "Kwani watu wanasema, mama?"

"Watasema."

"Na wewe mwenyewe... huna shaka na mzee?"

"Mimi? Hata kidogo. Nalinda jina la kanisa."

Basi mchungaji akaenda kumwambia Saengda, kwa maneno laini, kwamba ingefaa mwanamume yeyote mwenye maswali ya imani amwelekeze kwa wazee wa kanisa. Saengda akaunganisha viganja kifuani, akainama, akasema sawa.

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo. Nan Inkham alifika dukani, akaletewa tambi, na alipouliza swali Saengda akamwambia, "Kaka, mchungaji amekataza. Muulize dada nyumbani. Yeye ndiye anayejua." Alimaliza bakuli, akalipa, akaenda. Jumapili iliyofuata hakuvuka barabara. Alikaa juu ya pikipiki langoni mwa kanisa, mgongo kwa mlango. Jumapili ya pili yake alimshusha mkewe na kurudi nyumbani. Kisha asubuhi moja akasema, "Leo panda na Yupha."

Bualai alisubiri maswali yaje kwake. Alibadilisha hata kitambaa cha meza. Hayakuja.

Halafu ikafika sikukuu ya kuanza kwa mfungo wa watawa. Bualai alikuwa akipita kwa baiskeli karibu na hekalu aliposikia ngoma, akatazama ndani. Alimwona mumewe kwenye mstari, amevaa shati jeupe, ameshika maua ya yungiyungi na mshumaa. Kwa miaka mingi hakuwa amekwenda kule, si kwa sababu ya mkewe, ila tu alikuwa amekaa katikati, huku hayupo na kule hayupo. Sasa alikuwa amerudi. Alipiga magoti pamoja na wazee wenzake, na mgongo wake ulionekana umechoka.

Kitu cha kwanza alichokihisi Bualai kilikuwa nafuu. Kwamba sasa hakuna atakayesema Saengda amefanya alichoshindwa mzee wa kanisa Bualai.

Alikwenda hatua chache na baiskeli ndipo akajishtukia. Akashuka, akaketi kwenye ukingo wa mfereji wa maji. Mumewe yuko pale ndani, na yeye amefurahi! Alijiona kama mtu aliyemwona mwenzake anazama, akavuta kamba mikononi mwa aliyekuwa anamwokoa, kwa sababu tu kamba si yake. Alikaa pale mpaka ngoma zikanyamaza na watu wakaanza kutoka. Akapanda baiskeli asije akaonekana, na badala ya kwenda nyumbani akaelekea kwa Saengda.

Duka lilikuwa limefungwa. Saengda alikuwa uani, amechuchumaa, anasugua sufuria kubwa kwa majivu.

"Alikwambia nini?" Bualai akauliza bila hata salamu.

"Nani, dada?"

"Unamjua nani."

"Mchungaji ameniambia nisiongee habari hizo."

"Mimi ndiye niliyemwambia mchungaji."

Saengda akaendelea kusugua. "Najua. Yule kijana hawezi kudanganya. Alikuwa anaongea na viatu vyake."

"Ulijua, na hukuja kwangu?"

"Nije nikwambie nini? Wewe ndiye uliyeniokota. Niliwaza, kama dada amesema, basi nimekosea mahali. Labda ni lile la Zakayo." Alisema kwa dhati, bila kijembe chochote, na heri angetukana.

Bualai akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Hukukosea. Nilikuonea wivu." Yalitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki.

"Wivu? Mimi?" Saengda alijitazama, aproni yake imejaa masizi, akaanza kucheka. Alipomwona Bualai hacheki, akaacha. "Dada, mimi sina hata kitu. Kila ninachomwambia kaka ni ulichonifundisha wewe. Nakosea tu majina."

"Sasa niambie alichokuwa anakuuliza."

"Siwezi. Ni cha kwake."

Na hapo, hata hapo, baada ya kukiri na kujishusha, ule moto ukamrukia tena Bualai kifuani. "Mimi ni mke wake!"

"Ndiyo. Kwa hiyo muulize wewe." Saengda akainua mkono wenye majivu kama anayetaka kumgusa, akaurudisha asimchafue. "Lakini dada, usinikasirikie. Ukimuuliza, usijibu."

Siku mbili tatu Bualai alilizungukazunguka neno hilo. Mwishowe akamwambia mumewe, "Kesho twende tukale kwa Saengda. Mimi na wewe."

"Mchungaji amekataza."

"Amekataza wanaume peke yao. Mimi nitakuwepo. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Haya," akasema.

Wakaenda wakati wateja wa mchana wameshatoka. Saengda alikuwa na hofu kuliko wote, na hofu ilimfanya aongee ovyo. Aliwawekea tambi, chipukizi za maharage, ngozi ya nguruwe ya kukaanga, akaketi, akaanza kusimulia habari za Petro, jinsi alivyoacha meza yake ya kutoza ushuru akamfuata Yesu.

Bualai akajaza tambi mdomoni. Akaongeza nyingine. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, lakini hakusema neno. Nan Inkham alimwangalia, akamwangalia tena, na pembe za midomo yake zikaanza kucheza.

"Petro alikuwa mvuvi, Saengda," akasema mwenyewe kwa upole. "Miaka yote hii nimesikia redio."

Saengda akajipiga paji la uso. Wote watatu wakacheka, Bualai kwa shida, tambi zimemjaa. Alipomeza, akaweka vijiti vya kulia chini na kuuliza kabla hajaogopa, "Baba Wandi, kwa nini hukuniuliza mimi?"

Kisha akanyamaza. Alisikia maneno yakimpanda kooni moja moja, aya na aya, na kila moja akalishusha.

"Kwa sababu ya mama," Nan Inkham akasema.

Mama yake aliitwa Kaew. Aliishi nao mpaka alipofariki, na Bualai ndiye aliyemwuguza.

"Mama ndiye aliyenipeleka hekaluni nivae lile vazi," akaendelea. "Aliuza nyati wake kwa ajili ya sherehe. Mnajua mama anategemea nini kwa mwana mtawa. Ashike pindo la vazi lake, apande nalo mbinguni. Alikuwa ananiambia hivyo tangu niko mdogo. Basi. Zile siku zake za mwisho, wewe uliingia chumbani na kitabu chako. Ukamwambia nafasi bado ipo, lakini akikataa ni moto."

"Sikusema..." Bualai akaanza, akajifunga mdomo kwa mkono.

"Ulisema moto. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika maji yake. Mama hakukujibu. Alinitazama mimi, halafu akageukia ukuta. Nikamwita. Hakugeuka tena mpaka alipokata roho." Akaangalia mikono yake. "Alikufa akidhani mimi ndiye niliyekutuma."

Saengda alikuwa ameinamisha kichwa. Ilionekana hakuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Bualai aliikumbuka siku ile vizuri sana. Alikuwa ameisimulia kanisani, tena zaidi ya mara moja: jinsi alivyomhubiria mama mkwe wake hadi pumzi ya mwisho bila woga. Walimpigia makofi. Katika usimulizi wake hapakuwa na mtu mlangoni.

"Kila ukiniambia habari za Yesu," mumewe akasema, "mimi naona ule ukuta. Najua si kosa lako. Ulitaka kumwokoa. Ndiyo maana sikukukasirikia. Lakini kukusikiliza sikuweza."

"Na Saengda?" Aliuliza kwa sauti ndogo. Hata katika uchungu ule alitaka kujua.

"Saengda hakumjua mama. Siku moja nilimuuliza tu, kama mtu anavyoongea na muuza tambi: mama yangu yuko wapi sasa? Akaniambia, kaka, mimi sijui, wa kwangu alikufa amelewa, na huwa namuuliza Mungu nikiwa naosha vyungu. Halafu akaniongezea mchuzi. Nikaona, kumbe mtu anaweza kuwa upande wa Yesu na bado akawa hajui."

Bualai akalia. Hakulia vizuri, makamasi yalimtoka, na Saengda akampa kitambaa cha kufutia meza. Alitaka kusema mengi, na mengi ya hayo yalikuwa kweli na yameandikwa. Alisema, "Nisamehe. Na yeye, popote alipo, anisamehe."

"Ulimpikia uji miezi yote ile," Nan Inkham akasema. "Ulimgeuza asipate vidonda. Hilo nalo niliona nikiwa mlangoni."

Kesho yake Bualai alikwenda kwa Mchungaji Thawin, akamwambia kuwa yale aliyoyasema kuhusu jina la kanisa hayakuwa ya jina la kanisa, na sasa yafutwe. Mchungaji akakuna shingo, akayafuta, na ilikuwa wazi kuwa amepumua.

Nan Inkham akarudi kwenye kigoda chake. Mara nyingine Bualai alikwenda naye, mara nyingi hakwenda, na zile siku asizokwenda alikuwa akifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Msimu wa longani ukapita, baridi ikaanza kuingia asubuhi, na siku moja wakiwa wanafunga matawi ya miti bustanini mumewe akasema, bila kugeuka, kwamba ameomba abatizwe. Bualai akaangusha kamba.

Siku ya ubatizo ukungu ulikuwa bado juu ya mto. Kanisa zima lilikuwa ukingoni, limejifunga masweta. Ilikuwa desturi yao mchungaji kuuliza kabla ya mtu kuingia majini: ni nani aliyemleta ndugu huyu? Aliyemleta husogea mbele na kushuka naye.

Mchungaji Thawin akauliza. Macho yake yalimkimbilia Bualai, na ya watu wote pia.

"Saengda," akasema Nan Inkham.

Bualai alikuwa amejiandaa kwa jina hilo. Walikuwa wameongea nyumbani, alikuwa amekubali, hata alikuwa amemnunulia Saengda shati la kuingilia majini. Na bado lilimfinya, palepale pa siku zote. Saengda alisitasita, anamwangalia yeye.

"Nenda," Bualai akamwambia, akamsukuma mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nenda, mzee ataganda."

Akawaangalia wakishuka. Akamwona mumewe akishika bega la Saengda asiteleze, akamwona akizama na kuibuka, nywele zake za mvi zimelala, mdomo wazi kama mtoto. Yupha akaanza kulia kwa sauti. Bualai naye alilia, na kama kuna mtu angemuuliza, asingeweza kusema ni kiasi gani cha machozi yale kilikuwa furaha. Kilichokuwa furaha kilikuwa kingi. Hakikuwa chote. Akajifuta, akaingia majini na viatu vyake, akamfunika mumewe taulo kabla mtu mwingine hajafika.

Waliporudi nyumbani kwa pikipiki, Nan Inkham alikuwa bado anatetemeka, na Bualai alimshika kiunoni kwa mikono yote miwili ili apate joto.

"Mama Wandi," akasema katikati ya upepo.

"Ee."

"Tukila leo, unifundishe kuomba kabla ya chakula. Maneno yake siyajui."

"Saengda hajakufundisha?"

"Sikumuuliza."

"Hata mara moja?"

"Sikumuuliza."

Furaha ikampanda ghafla, ya kitoto, ya kijinga, hadi akaona aibu na kuficha uso kwenye mgongo wa mumewe uliolowa. Walipita mabwawa, wakapita kituo cha mafuta.

"Hebu sema tena," akasema.

"Nini?"

"Hilo la kwamba hukumuuliza."